Chanjo ya Nani, Chanjo ya Nini?

Katika kituo kimoja cha afya hapa Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako nilisaidia kupanga daftari la chanjo, nilikuta safu mbili zimeandikwa sambamba: "chanjo ya surua" na "chanjo ya watoto". Mtoto wa miezi 9 aliletwa mgongoni mwa mama yake, akachanjwa surua mara moja tu, na muuguzi akachora alama mbili, moja katika kila safu. Muuguzi hakukosea, kwa sababu mtoto huyo alistahili kuhesabiwa katika safu zote mbili. Kosa lilikuwa katika majina yenyewe: surua ni ugonjwa unaokingwa, ilhali watoto ni watu wanaokingwa, na maneno yasiyofanya kazi moja yaliwekwa katika daraja moja.

Tangu siku hiyo, nikipewa orodha ya majina ya dhana, huuliza kwanza kila neno lina kazi gani ndani ya jina. Katika Kiswahili swali hili lina uzito wa pekee, maana kiunganifu "-a" (ya, la, cha, wa) hubeba karibu kila uhusiano bila kuutaja. Homa ya ini na homa ya mapafu hutaja kiungo kinachougua. Homa ya manjano hutaja rangi inayoonekana machoni na katika ngozi ya mgonjwa. Homa ya Bonde la Ufa hutaja eneo la Kenya ambako ugonjwa huo ulitambuliwa. Umbo ni lile lile, kazi ni tatu.

Ninachofanya ni kuifungua ile "-a" kwa kitenzi. Dawa ya meno ni dawa ya kusafisha meno, dawa ya mbu ni dawa ya kuua mbu, na dawa ya maji ni dawa iliyo katika hali ya maji. Vitenzi vikitofautiana, majina hayo hayafai kupangwa katika safu moja, hata yakifanana namna gani kwa sikio. Vivyo hivyo, katika "sukari ya damu" damu ndimo sukari inamopimwa, lakini katika "shinikizo la damu" damu yenyewe ndiyo inayosukuma kuta za mishipa.

Wataalamu wa data wanaijua kazi hii. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 11179, katika sehemu yake ya 5 inayohusu namna ya kuzipa data majina, hutenga neno la kitu, neno la sifa ya kitu hicho, neno la namna thamani inavyoandikwa, na maneno ya kupambanua. Katika "tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa", mgonjwa ndiye kitu, kuzaliwa ni sifa, na tarehe ni namna ya kuandika. Kiingereza humtanguliza mgonjwa ("patient birth date"). Kiswahili humweka mwisho, kama kifanyavyo Kifaransa cha madaftari yetu. Kwa hiyo nafasi ya neno peke yake haitoshi kutuonyesha kazi yake, na anayetafsiri orodha kutoka Kiingereza inampasa kuandika kazi ya kila neno kando ya neno lenyewe.

Jina lililonishinda ni "kifua kikuu". Si aina ya kifua, na ukubwa unaotajwa si wa kifua cha mgonjwa. Katika orodha yangu nimeliandika kama neno moja, bila kuligawa.