Dawa ya Miguu

Jana mama karudi kutoka kliniki ya kisukari na dawa mpya ya ule moto unaomuwaka nyayoni. Nikasoma pakiti: amitriptilini, miligramu 25, kimoja usiku. Nikakaa nayo mkononi mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa Lindi, msimu wa korosho, nikiwa zamu ya usiku hospitalini. Bodaboda ya kutoka Mingoyo ikamshusha bibi ananukia mabibo, kampakata mjukuu: kilo 12, ngozi kavu ya moto, mboni zimetanuka. Tukasema malaria, maana huku kila kitu huanzia malaria. Kipimo kikakataa. Kuna dawa yoyote nyumbani? Bibi akafungua pindo la kanga. "Hii yangu tu ya miguu. Haina makali." Pakiti ilikuwa nusu tupu. Daktari hajamaliza kusoma jina, degedege likamshika mtoto.

Oksijeni, diazepamu, mbio. Degedege likaachia. Kinachonirudia mimi ni karatasi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo.

Amitriptilini wengi wanaijua kama ya wagonjwa wa akili, kumbe ikizidi huenda moyoni, ikaziba njia za sodiamu kwenye misuli yake, umeme ukapita kwa kuchechemea. Mawimbi yaliyotakiwa kuwa membamba kama miiba ya samaki yalikuwa yamevimba. Daktari akahesabu vijisanduku kwa ncha ya kalamu. Vinne. Kimoja ni milisekunde 40. Akanitazama, akasema, "Baikaboneti."

Ni chumvi ya sodiamu, ya kuusaidia umeme upite. Mililita 24. Nikasukuma bomba taratibu, dole gumba linaniuma, macho kwenye skrini. Nilipokaribia mwisho, mawimbi yakaanza kujibana, moja baada ya jingine, kama mtu anayekusanya nguo zake. Tukachapa karatasi nyingine: vijisanduku viwili na nusu. Hakuna aliyesema kitu. Feni tu ilikuwa inalia.

Tulirudia dawa mara mbili kabla ya alfajiri. Siku ya nne mtoto akawa anadai maandazi.

Ila usiku ule bibi alinishika mkono. "Mwanangu, ni dawa yangu ndiyo imefanya haya?"

"Hapana bibi. Ni homa."

Nilitaka apate usingizi, basi. Nikajiambia kesho nitamweleza vizuri. Kesho yake nilikuwa mapumziko, na niliporudi kazini walishaondoka. Sijui hata pakiti ile ilikwenda wapi.

Wajukuu wa mama wanakuja Ijumaa, watatu. Nimemweleza yote haya, nikamwekea dawa juu ya kabati, nyuma ya sanduku. Asubuhi nimeikuta imefungwa kwenye pindo la kanga yake. Anasema kule juu ataisahau.