Nimempeleka mama kula, yeye kakagua ukuta

Mwaka 2019 nlipata mshahara wangu wa kwanza wa maana nkasema lazima mama nimpeleke ile hoteli ambayo siku zote tunapita chini tunaishia kuangalia juu, jumba la zamani hapo Mji Mkongwe, Zanzibar, chakula kinaliwa darini, mnavua viatu mnakaa kwenye mito, menyu bei kwa dola. Mama kazaliwa Mlandege, umri wote huo hajawahi kutia mguu. Siku hiyo kajifukiza udi toka mchana.

Ngazi zenyewe sasa, kama unakwea mnazi. Mama kila ghorofa anasimama, mi nadhani kachoka kumbe anaangalia juu. "Unaziona boriti hizi? Mikoko. Ndo mana vyumba vya mji huu vyembamba, chumba hakipiti urefu wa boriti." Babaake alikuwa fundi chokaa, nlisahau kabisa.

Tukakaa, jua linazama, Beit el Ajaib, lile jumba la zamani la sultani Seyyid Barghash, ile pale mbele, taarabu inapigwa taratibu. Ikaja sahani kama sinia, ndani pweza wa nazi vipande vitatu (vitamu lakini, nisiseme uongo). Mama hata hali, mkono uko ukutani unabonyeza. Kamwita kijana anayehudumia.

"Mwanangu, hapa nani kawapigia saruji?"

"Ulikuwa unamomonyoka bi mkubwa, tukaziba."

Weee! Ndo likaanza darasa, kwamba ukuta wa mawe na chokaa unapumua, unyevu unaingia unatoka, ukishaubandika saruji maji yanafungiwa ndani na chokaa ya ndani inageuka unga, na kwamba hiyo sakafu ya juu tuloikalia zamani ilipigiliwa kwa vigongo vya mbao kutwa nzima watu wanaimba, yeye mtoto kazi yake kuchota maji, na hapo hapo kazianza nyimbo zenyewe, wageni meza ya pili wamegeuka wote, mpiga udi kanyamaza anasikiliza, mi natamani nijifiche chini ya mto. Yule kijana wala hakuondoka, kachuchumaa pale mpaka kaitwa na bosi wake.

Bili sitaki hata kuikumbuka.

Desemba 2020 upande wa Beit el Ajaib ukaporomoka. Mama kanipigia, salamu hakuna.

"Lile jumba tulokula, limesimama?"