Uzoefu Wangu: Mguu Ulivyoendelea Kunisumbua Baada ya Kutibiwa Vena Zilizovimba

Ilipotimu wiki ya sita tangu daktari azibe kwa leza vena kubwa, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ya juujuu ya mguu wangu wa kushoto, kila aliyeniona aliniuliza kama nimepona, nami sikuwa na jibu la kweli. Vena zilizokuwa zimejisokota kwenye shavu la mguu zilikuwa zimesinyaa, na mtu aliyeutazama mguu wenyewe angeapa kwamba ni mzima. Kwa ndani, hata hivyo, ulikuwa ukivuta, ukiwaka na kulemea kwa namna ambazo sikuwa nazo kabla ya matibabu, na nilikwisha kuanza kujuta moyoni kwamba nilikubali kutibiwa.

Nitaeleza kwanza kilichofanyika, kwa kuwa maumivu yaliyofuata hayaeleweki bila hayo. Vena za miguuni zina vali ndogo zinazoiacha damu ipande kuelekea moyoni na kuizuia isirudi chini. Vali hizo zikilegea, damu hurudi na kutuama, na vena za juujuu hutanuka na kujisokota. Kwangu mimi zilizolegea zilikuwa vali za vena ndefu ipandayo upande wa ndani wa mguu, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kinena. Daktari aliingiza uzi mwembamba wa leza karibu na goti, akausogeza hadi karibu na kinena huku akiufuatilia kwa altrasaundi, akaizungushia vena maji yenye dawa ya ganzi, kisha akauvuta uzi taratibu huku joto lake likiuunguza ukuta wa vena kwa ndani. Vena iliyounguzwa hivyo hunywea na kuziba, na damu hupita kwenye vena nyingine zilizo nzima, hasa zile za ndani kabisa ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu ya mguu hata kabla ya matibabu. Matawi mawili yaliyokuwa yamejitokeza chini ya goti aliyachoma sindano ya dawa ya povu. Nilitoka siku hiyo hiyo nikitembea mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu niliamini kwamba kazi imekwisha. Sikuwa nimeelewa kwamba vena iliyozibwa haitolewi: inabaki pale pale, na mwili huchukua miezi kadhaa kuigeuza kuwa kovu na kuifyonza.

Aliyenifungua macho ni muuguzi niliyempigia simu kulalamika. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mama, panauma wapi, saa ngapi, na panaumaje?" Nilijikuta sina la kusema zaidi ya kwamba mguu unauma. Aliniomba nichukue daftari na kwa wiki mbili niandike mambo hayo matatu kila asubuhi na kila jioni, pamoja na alama kati ya 0 na 10. Siku ya nne tu ya kuandika, niligundua kwamba nilichokuwa nikikiita maumivu ya mguu kilikuwa shida nne tofauti, kila moja na mahali pake na saa zake, na kwamba nilikuwa nikizitibu zote kwa dawa moja, yaani kulala na kuuinua mguu.

Ya kwanza niliipa jina la kamba. Ilianza siku ya tano baada ya matibabu, ikafikia kilele chake siku ya nane, na ilikaa upande wa ndani wa paja, kutoka juu ya goti kwenda kinenani. Nilipounyosha mguu asubuhi nilihisi kama uzi mgumu umefungwa chini ya ngozi na mtu anauvuta kwa juu, na kweli nilipopapasa nilikuta kitu kirefu, kigumu, kinachouma kikiguswa. Daktari alinieleza kwamba ile ndiyo vena iliyozibwa, ambayo ukuta wake umevimba kwa kuunguzwa na sasa unanywea, na kwamba uvutaji huo ni dalili ya kwamba inafungana inavyotakiwa. Maelezo hayo peke yake yalinipunguzia nusu ya mateso, maana nilikuwa nikiogopa kwamba nikinyosha goti nitakata kitu.

Kwa hofu hiyo nilikuwa nimezoea kukaa na kulala goti likiwa limekunjwa, na kila nilipolikunja kwa muda mrefu, kamba ilikaza zaidi. Nilibadili mwenendo. Kila baada ya saa moja nilisimama nikatembea dakika kumi, hata kama ni kuzunguka ndani ya nyumba. Mara tatu kwa siku nilikaa kitandani mguu ukiwa umenyooka, nikakisukuma kisigino mbele na kuvivuta vidole kuelekea kwangu hadi nihisi kamba inavutika bila kunikata pumzi, nikashikilia hapo kwa sekunde thelathini. Daktari alikuwa ameniandikia ibuprofeni ya wiki moja, ya kumezwa baada ya chakula, nami niliimeza kwa wakati badala ya kungoja nizidiwe. Hapa niseme wazi kwamba dawa hiyo haimfai kila mtu: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiinunue kwa kuwa tu mimi ilinisaidia. Kufikia mwisho wa wiki ya nne niliihisi kamba pale tu nilipoinama kuokota kitu.

Kuna usiku mmoja ambao sitausahau. Ilikuwa siku ya tisa, na shavu la mguu ule ule lilianza kuuma kwa ndani sana, mahali ambapo hapakuwa na kamba wala tawi lililochomwa sindano, tena nilipolipima kwa utepe nikakuta limezidi la mguu wa kulia kwa sentimita mbili. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mara chache matibabu haya hufuatwa na damu kuganda ndani ya vena za ndani, na kwamba donge likikatika linaweza kusafiri hadi mapafuni. Sikungoja asubuhi. Kipimo cha altrasaundi kilionyesha kwamba vena za ndani zilikuwa wazi na damu inapita, na kwamba uvimbe ulitokana na soksi. Wapo walioniambia baadaye kwamba nilijihangaisha bure, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Mguu unaovimba ghafla na kuuma kwa ndani ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na mtu anayebanwa kifua, anayeishiwa pumzi au anayekohoa damu hapaswi kupoteza hata dakika moja.

Kosa la soksi lilikuwa langu. Nilipewa soksi za kubana zenye mgandamizo wa milimita 20 hadi 30 za zebaki, zinazoishia chini ya goti, nazo zilikuwa ndefu kidogo kwangu, kwa hiyo niliukunja ukingo wa juu kuelekea chini. Soksi hizi hushonwa zibane zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda, ili damu isukumwe juu. Ukingo uliokunjwa hugeuza mpango huo, kwa kuwa pale unapokunjwa mgandamizo huongezeka na kuwa kama pete inayoizuia damu chini ya goti. Nilipimwa upya, asubuhi kabla mguu haujavimba, kwenye kifundo, kwenye sehemu nene ya shavu na urefu hadi chini ya goti, nikapewa saizi inayonifaa. Nilijifunza pia kuivaa huku nimevaa glovu za mpira, ambazo hushika kitambaa na kukisambaza bila mikunjo, na kuivaa kabla sijashuka kitandani. Jambo lingine nililolithamini ni kwamba kabla ya yote walikuwa wamelinganisha shinikizo la damu la kifundoni na la mkononi, maana mwenye ateri zilizoziba miguuni, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, anaweza kudhurika kwa kubanwa.

Shida ya pili, mabonge madogo chini ya goti, sikuihangaikia sana baada ya kuielewa. Yalikuwa damu iliyonaswa ndani ya yale matawi yaliyochomwa sindano, ikaganda. Moja lilikuwa kubwa kama punje ya haragwe na liliuma kila soksi ilipolisugua, na katika wiki ya tano daktari alilitoboa kwa sindano, akaikamua damu nyeusi iliyoganda, na maumivu yakapungua siku iliyofuata. Mengine niliyawekea kitambaa cha uvuguvugu jioni, yakaisha yenyewe. Yameacha michirizi ya rangi ya kahawia ambayo inafifia polepole.

Ya tatu ilikuwa ganzi yenye mwako, kipande cha ngozi kisichozidi kiganja cha mtoto, upande wa ndani juu ya kifundo. Hapo hupita neva, yaani mshipa wa fahamu, inayofuatana na ile vena kubwa, na inaweza kuguswa na joto au na sindano. Nililoambiwa ni kusubiri, na nimesubiri. Usiku shuka lilipogusa pale pakawa kama panachomwa na viwavi, niligundua kwamba kupasugua kwa kitambaa laini kwa dakika chache kabla ya kulala kulipazoesha kuguswa. Sikupawekea kitu cha moto, kwa sababu ngozi isiyohisi vizuri inaweza kuungua bila mwenyewe kujua.

Ya nne ndiyo iliyonikatisha tamaa, yaani uzito wa jioni. Kazi yangu ni ya kusimama, na uzito ule ndio ulionipeleka kutibiwa, kwa hiyo ulipoanza tena wiki ya sita, kila siku kuanzia saa kumi alasiri, nilikata shauri kwamba vena imefunguka upya. Wiki ya nane nilifanyiwa altrasaundi nikiwa nimesimama. Vena kubwa ilikuwa imeziba kabisa kutoka chini ya kinena hadi kwenye goti. Palikuwa na tawi moja dogo nyuma ya shavu ambalo bado lilirudisha damu, lakini daktari hakuona kwamba linatosha kueleza uzito wote ule. Akaniomba nitembee kwenye ujia, kwenda na kurudi, huku akitazama nyayo zangu.

Nilikuwa nachechemea bila kujua. Tangu siku za kamba nilikuwa nimezoea kupiga hatua fupi na kuuweka wayo wa kushoto chini mzima mzima, bila kukisukuma kifundo, na zoea hilo lilibaki hata baada ya kamba kulegea. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayoikamua damu kwenda juu, nayo hufanya kazi pale tu kifundo kinapokunjika na kukunjuka. Mimi nilikuwa nimeizima pampu hiyo kwa wiki sita, halafu naulaumu mguu kwa kulemea.

Mazoezi niliyopewa yalikuwa mepesi. Kusimama nikishika ukingo wa meza na kuinuka kwa vidole mara 15, kupumzika, na kurudia mara tatu, asubuhi na jioni. Kutembea nusu saa kwa siku nikitua kwa kisigino na kuondoka kwa vidole. Na kazini, kila nisimamapo mahali pamoja kwa zaidi ya dakika chache, kuhamisha uzito na kuinua visigino. Wiki ya kwanza shavu liliuma, lakini yalikuwa maumivu ya misuli iliyochoka, na daftari lilinisaidia kutoyachanganya na yale mengine. Wiki ya nne alama ya uzito wa jioni ilishuka kutoka 7 hadi 4. Siku nisizotembea hupanda tena, na hilo linaonekana wazi nikilinganisha kurasa.

Sasa ni mwezi wa tano. Soksi ninaivaa siku za kazi tu. Lile tawi dogo litapimwa tena mwezi ujao, na daktari ameniambia kwamba likiendelea kurudisha damu anaweza kulichoma sindano bila kuigusa tena vena kubwa. Nitakubali, kwa kuwa sasa najua kitakachofuata na kitachukua muda gani. Jana jioni niliandika: kamba 0, mabonge 0, ganzi 2, uzito 2.