Utando wa Gesi Huuawa na Matone

Watu wa Mtwara na Lindi wakisikia habari za utando wa kusafishia gesi, yaani plastiki nyembamba inayoipenyeza hewa ukaa na kuibakiza metheni, huuliza kwa nini hautajwi sana kwenye mitambo ya gesi ya Madimba wala Songo Songo. Sababu iko kwenye gesi yenyewe. Gesi ya Mnazi Bay, inayosafishwa Madimba, na ya Songo Songo ni metheni kwa zaidi ya asilimia 95, hewa ukaa iliyomo ni kidogo mno, na haina ile gesi inayonuka yai viza. Kazi iliyobaki ni kuikausha na kuitoa mafuta mepesi, yasije yakajikusanya bombani njia nzima hadi Dar es Salaam. Kufunga utando wa kutoa hewa ukaa kwenye gesi ya namna hiyo ni kununua dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Hata mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika unaopangwa Likong'o, Lindi, utando peke yake hautautosha. Gesi inayopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri haitakiwi kuwa na hewa ukaa zaidi ya sehemu 50 katika milioni, kwa sababu hewa ukaa huganda na kuziba mitambo ya baridi. Utando huifikisha gesi kwenye asilimia 2 bila taabu, lakini kuifikisha sehemu 50 katika milioni ni kazi ya amini, kemikali zinazoinyonya hewa ukaa. Mahali pengine duniani, utando huwekwa mbele ili utoe sehemu kubwa, na amini humalizia.

Kwa hiyo kwa nini tujisumbue nao? Kwa sababu kijana wa VETA anayetoka huku atakutana nao kwenye mitambo ya naitrojeni, kwenye gesi ya samadi, au akienda kufanya kazi nje ambako gesi ni chafu. Na kosa linaloua utando ni lile lile kila mahali.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi huufananisha utando na kifumbu cha tui: vidogo hupita, vikubwa hubaki. Ngozi ya juu ya utando, ile inayofanya kazi, haina matundu. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na chini yake kuna tabaka nene lenye vinyweleo ambalo kazi yake ni kuibeba tu. Gesi huyeyuka ndani ya plastiki hiyo, husogea, kisha hutokea upande wa pili. Fikiria ng'onda: chumvi haiingii ndani ya samaki kwa kupitia tundu, inayeyuka na kusogea ndani ya nyama yenyewe. Chembe ya hewa ukaa ina upana wa angstromu 3.3 (angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), ya naitrojeni 3.64, ya metheni 3.8. Tofauti ni ndogo sana. Kinachoipa hewa ukaa nafasi ya mbele si wembamba tu, bali pia inapenda kuyeyuka kwenye plastiki kuliko metheni. Mvuke wa maji hupita haraka zaidi ya zote hizo.

Plastiki iliyozoeleka kwa kazi hii ni selulosi asetati, ambayo imetumika viwandani tangu miaka ya 1980, kisha zikaja poliimidi. Maabara, kwa gesi moja moja, selulosi asetati hupitisha hewa ukaa mara 30 hivi kuliko metheni. Mtamboni tegemea nusu ya hapo au pungufu, kwa sababu hewa ukaa yenyewe huivimbisha plastiki na kuilegeza, na plastiki iliyolegea huipitisha metheni pia. Muuzaji akikuletea karatasi yenye tarakimu ya 30, mwombe ya gesi mchanganyiko, kwa presha na joto la kwako.

Hesabu ya presha ndiyo inayowaponyoka wengi, nami naomba tukae nayo kidogo. Chukua gesi yenye hewa ukaa asilimia 10, inayoingia kwa bar 60. Katika hizo 60, hewa ukaa inabeba bar 6. Gesi inaposafiri juu ya utando hewa ukaa inapungua, na ikifika mwisho imebaki asilimia 2, sehemu yake ni bar 1.2 tu. Sasa, kama upande wa pili umeuacha kwenye bar 3, pale mwishoni hewa ukaa iliyopenya haiwezi kuzidi asilimia 40, kwa kuwa 1.2 ukiigawa kwa 3 ni 0.4. Ikifika hapo pande mbili zimelingana na hakuna tena kinachoisukuma. Utando uwe bora kiasi gani, hautavuka ukomo huo. Shusha upande wa pili hadi bar 1.5, ukomo unapanda hadi asilimia 80. Ndiyo maana bomba jembamba au valvu iliyobanwa upande wa gesi iliyopenya huharibu kazi kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo maana geji ya upande ule ni ya kuangaliwa kila zamu.

Halafu kuna metheni inayopotea. Kwa mfano ule ule, tuseme mchanganyiko uliopenya, kwa jumla, una hewa ukaa asilimia 45. Kwa kila mita 100 za ujazo zinazoingia, mita 18.6 hivi zitapenya, na ndani yake mna metheni mita 10.2. Hiyo ni zaidi ya asilimia 11 ya metheni yote uliyonayo. Ukiwa na boila au jenereta inayoweza kuchoma gesi hafifu, sawa. La sivyo itabidi uikandamize tena kwa kompresa, uipitishe kwenye utando wa pili, na kilichobaki huko ukirudishe mwanzo. Metheni inayopotea hushuka hadi asilimia chache, ila sasa una kompresa ya kulea, nayo ina oili.

Oili hiyo, pamoja na maji na kondenseti (yale mafuta mepesi yanayojitenga na gesi), ndiyo matone ninayoyasema. Utando hauna sehemu inayosagika. Ukilishwa gesi safi hudumu miaka. Ukilishwa ukungu wa oili unaweza kufa ndani ya siku chache. Utando huu ni karatasi zilizovingirishwa, na vipande kadhaa hupangwa ndani ya bomba moja. Ukifungua bomba lililoathirika, kipande cha kwanza upande ambako gesi inaingilia huwa na rangi ya chai ya rangi, wavu wa plastiki uliomo kati ya karatasi unanata vidoleni, na harufu ni ya oili ya kompresa. Vipande vya nyuma yake vinaweza kuwa vyeupe kabisa.

Mpangilio ninaouamini mbele ya utando ni huu. Chombo cha kutenganisha vimiminika kinatangulia. Kisha linafuata chujio la kukusanya matone madogo, lile ambalo nyuzi zake huunganisha ukungu kuwa matone mazito yanayodondoka chini. Baada yake tabaka la mkaa maalumu wa kunasa mvuke wa mafuta mazito, halafu chujio la vumbi, kwa kuwa mkaa wenyewe hutoa vumbi. Mwisho kabisa ni hita. Usiweke hita kabla ya chujio la matone: ukipasha mapema, matone yanakuwa mvuke, yanavuka chujio bila kunaswa, na yatarudi kuwa matone ndani ya utando.

Hita inawatatiza wageni wa kazi hii. Gesi imeshakauka, ya nini tena kuipasha? Ni kwamba gesi haitoki kama ilivyoingia. Hewa ukaa ikishapenya, mafuta mazito yanabaki ndani ya gesi iliyopungua, kwa hiyo sehemu yake inapanda na kiwango cha umande, yaani joto ambalo chini yake matone hujitokeza, kinapanda. Wakati huo huo gesi inayopenya inashuka kutoka bar 60 hadi bar 2 au 3, inapoa, na inaipoza iliyobaki. Umande unapanda, joto linashuka, vikikutana katikati ya bomba una matone mahali ambapo hakuna chujio. Hivyo usipime gesi inayoingia tu. Piga hesabu ya gesi ya mwisho, kwenye joto la mwisho, kisha hakikisha hata hapo iko nyuzi 10 au zaidi juu ya umande.

Maji kwenye selulosi asetati yana ubaya wake wa pekee: ikilowa kisha ikakauka, vinyweleo vya tabaka la chini hujikunja na kuziba. Hakuna dawa, ni kubadilisha.

Kuwasha na kuzima pia kunaua. Karatasi za utando uliovingirishwa kama mkeka zimegandishwa kwa gundi pande tatu, upande wa nne ukifungukia bomba la katikati lenye matundu. Presha ya upande wa pili ikizidi ya upande wa kuingilia, hata kwa muda mfupi, gundi inaachia. Valvu ya gesi iliyopenya ifunguliwe kwanza na ifungwe mwisho. Pandisha presha taratibu, kwa gesi iliyokwisha kupashwa, na ukizima usiiachie gesi yote kwa mkupuo.

Kugundua kosa hakuhitaji mashine kubwa. Hewa ukaa kwenye gesi iliyosafishwa ikipanda, tazama wingi wa gesi iliyopenya. Umepungua? Utando umeziba au umejikunja, rudi kwenye machujio. Umeongezeka, na metheni ndani yake imepanda? Gesi inavuja bila kupita kwenye utando: oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, imekatika au gundi imeachia. Chukua sampuli kwenye kila bomba peke yake, maana sampuli ya jumla huficha bomba moja bovu kati ya kumi. Oringi hunyonya hewa ukaa zikiwa kwenye presha, na ukishusha haraka huvimba na kupasuka kama chapati iliyotoka malengelenge. Usirudishe oringi ya zamani, hata ikionekana nzima.

Mtambo wa naitrojeni nao unatumia utando, ila wa nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati badala ya karatasi, na hapa kinachopenya ni oksijeni na unachokitaka ni kilichobaki. Hewa hukandamizwa hadi bar 8 au zaidi, huchujwa, hupashwa, na hutoa naitrojeni ya asilimia 95 hadi 99. Ukipunguza mtiririko usafi unapanda, ukiongeza unashuka. Kwa pwani yetu, hasa masika, hewa inakuja na unyevu mwingi na chumvi, hivyo mifereji ya kutolea maji ya kompresa ikiziba, maji yanaelekea kwenye nyuzi. Bomba la oksijeni iliyopenya litoke nje, mbali na oili na moto. Na naitrojeni ikivuja ndani ya chumba kilichofungwa inaua bila harufu, kwa hiyo kipima oksijeni ukutani ni lazima.

Ninakoona utando ungetufaa zaidi sisi wenyewe ni kwenye mabibo. Msimu wa korosho ukifika, mabibo yanaoza chini ya mikorosho, na yakichanganywa na samadi ya ng'ombe ili kupunguza uchachu, hutoa gesi. Gesi ya mtambo kama huo kwa kawaida ina metheni asilimia 55 hadi 65, iliyobaki karibu yote ni hewa ukaa. Utando wa poliimidi wa hatua tatu, kwa bar 10 hadi 16, huipandisha hadi metheni zaidi ya asilimia 97, ambayo inatosha kuendeshea gari. Ila gesi hii ina ile harufu ya yai viza, nayo itolewe kabla ya kompresa, maana hula chuma. Tumia vyombo viwili vilivyojazwa vipande vya chuma chenye kutu, kimoja baada ya kingine, na kati yake weka kituo cha sampuli. Karatasi iliyolowekwa dawa ya risasi asetati ikigeuka kahawia au nyeusi hapo katikati, chombo cha kwanza kimechoka. Kifungue polepole ukiwa umekilowesha maji, kwa sababu kutu iliyonasa gesi hiyo ikikutana na hewa ghafla hujiwasha yenyewe.