Platinamu ya nini? Kichocheo changu ni vifuu

Natengeneza betri ya zinki na hewa, ile inayopata umeme zinki ikikutana na oksijeni ya hewani, na upande wa hewa unahitaji kichocheo, kitu cha kuharakisha kazi hiyo. Kila niliyemuuliza aliniambia bila platinamu huna betri hiyo. Si kweli. Platinamu ni hodari betri inapotoa umeme, lakini kwenye kuchaji haifui dafu, na bei yake kila mtu anaijua. Mimi natumia mkaa wa vifuu uliopakwa oksidi ya manganizi, na hapa Pemba vifuu vinatupwa.

Ushauri ulioniudhi zaidi ni ule wa kusaga mkaa wa jikoni. Mkaa huo umeungua kwa moto mdogo, haupitishi umeme. Bana unga wake baina ya sarafu mbili uweke ncha za mita ya umeme: maelfu ya omu (kipimo cha ukinzani)! Vifuu nimevitoa nyuzi za makumbi, nikavijaza kwenye kopo la chuma lenye kifuniko na tundu dogo la moshi, likakaa kwenye makaa ya mhunzi, mvukuto ukipulizwa, hadi likapiga rangi ya chungwa, saa nzima. Usilifungue mpaka lipoe kabisa. Hewa ikiingia unabaki na jivu. Ukipima tena kwa sarafu zilezile, omu chache tu.

Unga ulioshwa jivu, gramu 10, nautia kwenye nusu lita ya maji ya mvua (visima vya pwani vina chumvi) yenye nyuzijoto 70 hadi 80, kisha namimina gramu 2 za pamanganeti ya potasiamu iliyoyeyushwa. Kaboni yenyewe inaigeuza kuwa oksidi, ikaganda juu yake. Dondosha tone kwenye karatasi ya chujio: ukingo ukiwa waridi, pamanganeti bado haijaisha. Msizidishe pamanganeti, oksidi ikiwa nene inazuia umeme, na volti zinaporomoka ukiwasha taa tu. Wala msisage pamanganeti kavu pamoja na mkaa, inawaka ghafla.

Changanya na tefloni ya maji (plastiki isiyolowa, iliyotawanywa majini), kandamiza kwenye wavu wa nikeli. Tefloni ikipungua, maji ya betri yanavujia upande wa hewa. Ikizidi, kichocheo hakilowi. Maji yenyewe ni haidroksidi ya potasiamu, gramu 340 hivi kwa lita. Vaa glavu na miwani, na tia dawa kwenye maji, si maji kwenye dawa.

Kuchaji nimeweka ncha ya tatu, mbali na zinki na wavu wa kichocheo, nayo ni wavu wa nikeli tupu, kwa sababu oksijeni inayotoka wakati huo inakula kaboni. Betri isipotumika, ziba upande wa hewa kwa tepu. Kaboni dioksidi ikiingia inafanya chembe nyeupe zinazoziba vitundu.