Mdai yu mlangoni: malenga wa visiwa vyangu

Riwaya za mazimwi na mapanga zina ugonjwa mmoja ninaoujua vizuri. Mtu anashika kinubi, maandishi yanalala upande, beti kumi zinafuata, na msomaji anaruka moja kwa moja hadi pale vita vinapoendelea. Simlaumu, maana na mimi huruka. Mara nyingi wimbo wenyewe haumhusu yeyote aliyekaa pale. Umetandikwa tu kama kitambaa cha kochi.

Kwa wageni wa hapa: mchana nakaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, nakata risiti za misumari na nondo. Jumapili jioni, barazani kwetu Magomeni, nageuka msimulizi. Tunacheza ule mchezo wa kuigiza ambao mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu ya pande 20 inaamua kama wamefaulu. Dadu yenyewe ni programu ya simu. Ulimwengu ni wangu: visiwa vya Theame, vyenye mizeituni, mbuzi, wafalme wadogo wenye kiburi kikubwa, na miungu wanaoingilia mambo ya watu kama mawifi. Nimeuchukua kwa Wagiriki wa kale bila kuona haya, isipokuwa majina na ramani.

Katika visiwa hivyo hakuna maandishi. Kila kinachojulikana kinajulikana kwa sababu kuna mtu anakiimba. Kwa hiyo nyimbo nilizihitaji tangu mwanzo, na nilihitaji wachezaji wangu wazisikilize badala ya kuchungulia simu. Walionisaidia hapo ni akina mama wa taarabu.

Nimekulia Magomeni, nimehudhuria shughuli kuliko ninavyoweza kukumbuka. Anayekwenda kwenye taarabu ya mipasho kusikiliza sauti tu anapoteza nusu ya kiingilio. Tazama mwanamke anavyoinuka kwenda kutunza. Gauni limembana, noti ameikunja kwa vidole viwili, anatembea polepole kuliko mdundo. Anafika mbele, anaipeleka noti kwa mwimbaji, lakini macho hayapo kwa mwimbaji hata kidogo. Yapo kwa yule aliyekaa meza ya pembeni na shoga zake, ambaye ghafla ameona umuhimu wa kutafuta kitu ndani ya pochi. Mwimbaji hajataja jina la mtu. Wimbo ulitungwa na mtu mwingine, huenda kabla wawili hawa hawajafahamiana. Na bado ujumbe umefika, ukumbi mzima umeuona ukifika.

Nikarudi kwa Homer, malenga wa kale wa Wagiriki, nikiwa na picha hiyo kichwani, nikakuta mambo ni yale yale.

Kitabu cha nane cha Odyssey, utenzi wake wa safari ya Odysseus kurudi nyumbani, kina malenga kipofu aitwaye Demodokos, katika jumba la mfalme Alkinoos. Mpambe anamleta kwa mkono, anamkalisha kwenye kiti chenye vifundo vya fedha kikiegemea nguzo, anatundika kinubi kwenye chango juu ya kichwa chake, halafu anamwonyesha jinsi ya kukifikia kwa mkono. Kikapu cha mkate na kikombe cha divai viko karibu. Demodokos anaimba ugomvi wa Odysseus na Achilles, mashujaa wa Wagiriki katika vita vya Troya. Hajui kwamba Odysseus mwenyewe amekaa palepale, mgeni asiye na jina, ambaye anavuta joho lake la zambarau na kujifunika kichwa ili wenyeji wasione machozi. Anayegundua ni mfalme peke yake, kwa kuwa amekaa jirani na anasikia anavyoguna. Anasimamisha wimbo kwa adabu, anasema jamani twendeni nje tukacheze michezo.

Baadaye inakuja kutunza kwenyewe. Odysseus anakata kipande kinene cha mgongo wa nguruwe, mafuta yakiwa bado yameshikana pande zote, anamwambia mpambe ampelekee malenga. Kisha anaomba wimbo: niimbie ule wa farasi wa mbao aliyetumika kuiteka Troya. Anajua utamuumiza, anaulipia hivyo hivyo. Akina mama wa ukumbini kwetu wangemwelewa vizuri kuliko maprofesa.

Katikati ya nyimbo hizo mbili kuna ule wa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, na Ares, mungu wa vita, walionaswa kitandani kwa wavu wa mume mtu, Hephaistos, huku miungu wengine wakisimama mlangoni wakicheka. Sitaongeza neno. Huo ukipigwa Dar saa saba usiku, noti zitakwisha mifukoni.

Basi nikajiwekea sheria moja: kabla sijaandika mstari hata mmoja wa wimbo, lazima nijue ni nani ukumbini unayemchoma. Nikishamjua huyo, wimbo unakuja. Nisipomjua siandiki, nasema tu "malenga aliimba hadi usiku wa manane", tunaendelea.

Mfano ni karamu ya mfalme Perandro. Fundi simu wa mtaani kwetu ndiye anayemchezea Perandro, na kwa siri kati yangu na yeye, mfalme huyu ameapa kumchinjia mungu wa bahari fahali aliyetoka majini, halafu akamficha na kuchinja mwingine. (Wanaomjua Minos wa Krete watatambua nilipoiba.) Wachezaji wengine hawakujua. Mdogo wangu anacheza malenga, msichana aitwaye Thaleo, na yeye nilimpa karatasi yenye beti mbili bila maelezo yoyote. Akasimama pale barazani, akaghani kwa ile sauti ya utenzi tuliyoizoea tangu madrasa na shule:

Fahali, povu mwilini,
alitoka baharini,
akafichwa malishoni
asitolewe sadaka.

Mwenye deni yu mezani,
mafuta yako ndevuni,
mdai yu mlangoni,
maji yamtiririka.

Fundi alikuwa anakula mshikaki. Akaacha kutafuna. Binamu yangu, anayecheza nahodha, akamtazama, akatazama mshikaki, akasema, "Kaka, mbona ndevu zako zinang'aa?" Hapo hapo kila mtu akajua, na sikuwa nimeeleza lolote. Nyanya yangu, aliyekuwa ndani anakunja kanga na hana habari na mchezo wetu, akatoa sauti dirishani: "Huyo kaimbwa huyo!"

Naomba niseme kidogo kuhusu vina na mizani, maana nimeulizwa. Homer anatumia mstari wa hatua sita unaopimwa kwa silabi ndefu na fupi. Kiswahili hakipimi hivyo. Sisi tunahesabu mizani, yaani idadi ya silabi, na mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kubembelezwa. Kulazimisha mstari wa Kigiriki ndani ya Kiswahili ni kujitafutia kesi. Utenzi upo: mistari minne, mizani minane kila mmoja, vina vitatu vya kufanana, na cha nne kinachobaki kilekile hadi mwisho. Umebeba vita vikubwa kabla yangu. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728 kule Pate, una zaidi ya beti 1,000, na adui anayesimuliwa ndani yake ni Herekali, mfalme wa Rumi ya Mashariki, dola la watu waliosema Kigiriki. Kwa hiyo mtu asiniambie mambo ya Wagiriki hayaingii kwenye mizani minane. Waliingia zamani, na farasi zao.

Kitu nilichokiacha kwenye tenzi ni ule mwanzo wa kuomba wino na karatasi, kwa sababu Theame hakuna wino. Malenga wa Kigiriki anamwomba Muse, binti wa Kumbukumbu, amwimbie. Thaleo anaomba maji ya kunywa na anauliza nani analipa.

Halafu kuna siri ya majina ya sifa. Wanafunzi hulalamika kwamba Homer anajirudia: Achilles ni mwepesi wa miguu hata akiwa amekaa kitini, merikebu ni za kasi hata zikiwa zimevutwa mchangani. Mmarekani Milman Parry ndiye aliyelifungua fundo hilo. Alikwenda Yugoslavia katika miaka ya 1930 na msaidizi wake Albert Lord, wakawarekodi waimbaji waliopiga gusle, ala ya uzi mmoja. Mmoja wao, Avdo Međedović, alitoa wimbo wa mistari zaidi ya 12,000, na hakujua kusoma. Hakuwa amekariri yote neno kwa neno. Alikuwa na akiba ya vipande vilivyokwisha kupimwa, anavipanga mdomo ukiwa unakwenda. Sifa huchaguliwa kwa sababu inajaza nafasi iliyobaki kwenye mstari. Hali ya mhusika wakati huo si hoja.

Nikamtengenezea mungu wangu wa bahari, Pontaro, akiba ya namna hiyo. Kina kikiwa cha "li", yeye ni "Pontaro mtwaa meli". Kikiwa cha "i", ni "Pontaro mwenye kudai". Kikiwa cha "mvi", ni "Pontaro baba wa chumvi". Mdogo wangu ameandika orodha nyuma ya daftari lake la chuo, na sasa anaweza kughani ubeti papo hapo bila mimi kumwandikia. Zingine zinatoka mbovu kabisa, tunacheka, zinapita. Juzi alimwita mungu "mtwaa meli" kwenye wimbo wa harusi, bwana harusi akiwa baharia. Kina kilihitaji "li". Binamu akakataa kupanda jahazi mchezo mzima.

Tabia ya Pontaro nayo sikuichukua kwa Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki, peke yake. Kuna Mhaya mmoja kundini, na alipotuhadithia habari za Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba katika masimulizi ya kwao Kagera, nilinyamaza nikaandika. Wahaya wana malenga wa enanga hadi leo kwenye kumbukumbu za watu: ubao uliochongwa na kuchimbwa katikati, uzi mmoja mrefu unaopitishwa kwenda na kurudi hadi unakuwa nyuzi nyingi, na mtu mmoja anayeimba habari za mashujaa huku akijipigia mwenyewe. Profesa Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amewachunguza kwa kina. Kinubi cha Thaleo katika hadithi yangu ni enanga. Mgiriki akitaka kulalamika, aje Magomeni.

Kuhusu usalama wa malenga, hilo nilijadiliana sana na fundi, ambaye alitaka Perandro amkate Thaleo kichwa mara tu baada ya karamu. Nikamsomea kitabu cha 22 cha Odyssey. Odysseus amerudi nyumbani, anawaua wachumba wote waliokuwa wakimtaka mkewe. Leodes, aliyekuwa mtabiri wao wa sadaka, anashika magoti akiomba, anauawa. Femios, malenga aliyewaimbia wachumba hao hao kila siku, naye anashika magoti. Anasema nilijifunza mwenyewe, mungu alipanda njia za nyimbo moyoni mwangu, na hawa nimewaimbia kwa kulazimishwa. Telemakhos, mtoto wa Odysseus, anamtetea. Anaachwa hai. Ukiniuliza mimi, wimbo huo ulitungwa na malenga, na malenga hawezi kusahau kuweka kipengele hicho.

Kwetu pia wimbo umewahi kuokoa mtu, japo kwa njia ya ujanja zaidi. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, akiwa kifungoni akingoja kuuawa, mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, kwa mkono wa kijakazi Saada. Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya gungu, akawafundisha watu wimbo. Wao wakiimba kwa nguvu nje, yeye ndani anakereza pingu. Hakuna aliyesikia sauti ya chuma. Nimeiweka akilini, Thaleo akifungwa, tayari najua anatokaje.

Fundi amekubali asimwue. Badala yake ameamua, kama kundi lolote la taarabu lenye heshima lingeamua, kujibu. Mfalme Perandro amemwajiri malenga wake mwenyewe, na ameninyima usingizi kwa kutaka wimbo wa majibu uwe tayari Jumapili, tena uwe mkali kuliko wa kwanza. Kina cha mwisho lazima kibaki "ka", maana anayejibu hujibu kwenye bahari ileile, yaani mtindo uleule wa shairi. Mistari mitatu ninayo:

Ng'ombe wote ni wa mungu,
awe wako awe wangu,
moshi umefika mbingu,

Kwa mstari wa nne, mimi nimependekeza "na deni limefutika". Fundi amesema huo ni wa karani wa benki, yeye anataka "mdai amekauka". Nakiri ni mzuri. Unamjibu yule wa mlangoni anayechuruzika maji, na kadamnasi itapiga vigelegele. Nimemuuliza tu kama amefikiria kumwambia mungu wa bahari kwamba amekauka, mbele ya watu, katika kisiwa chenye bandari moja na visima vitatu. Amesema nimwandikie hivyo hivyo. Binamu, yule nahodha, ameshaanza kuuliza bei ya ngamia.