Kinasa cha ghala la viazi, Isyonje: kutenganisha michakato ndani ya simu moja

Mei

Hatua hii ya mradi inahusu jambo moja: kuigawa programu inayopima joto na unyevu wa ghala la mbegu za viazi katika michakato mitatu (mchakato ni programu, au sehemu yake, inayoendeshwa peke yake ikiwa na memori yake) ndani ya simu ileile ya Android, na kuifanya michakato hiyo iwasiliane bila mmoja kufa na mwenzake. Ghala ni la mjomba wangu, liko Isyonje, upande wa milima ya Uporoto. Simu ni ya bei nafuu, ina RAM ya GB 2, na imetundikwa ukutani ikichajiwa kwa umeme wa jua. Kihisi cha Bluetooth kimewekwa katikati ya rafu za mbegu na simu hukisoma kila dakika.

Programu ya awali ilikuwa na mchakato mmoja uliobeba kila kitu: kusoma kihisi, kuhifadhi, kuchora grafu na kutuma ujumbe mfupi pale joto linaposhuka au kupanda kupita kiasi. Tatizo la mpango huo ni kwamba Android ikibanwa na uhaba wa memori huua mchakato mzima. Haichagui ile sehemu inayokula memori na kuiacha ile yenye kazi ya maana. Grafu ya msimu mzima ni nzito, na mjomba huitumia simu hiyohiyo kutazama video akiwa ghalani. Nilipomuuliza ni kipi anaweza kukikosa, alinijibu moja kwa moja: "Mjomba, namba zisikatike usiku wa baridi. Hizo picha nitaziangalia nikipata nafasi."

Jibu hilo ndilo lililochora mipaka. Kinasa, yaani sehemu inayosoma kihisi na kuandika kwenye hifadhidata, hakipaswi kufa; grafu inaweza kufa wakati wowote ikafunguliwa upya; na mjumbe, anayetuma ujumbe mfupi, nimemtoa kabisa na kumfanya programu ya pili inayosakinishwa peke yake, kwa sababu sioni ulazima wa sehemu inayoshughulika na Bluetooth na hifadhidata kuwa pia na ruhusa ya kutumia salio la mtu.

Kuutenganisha mchakato wa kinasa ni kazi ya mstari mmoja. Katika faili la manifesti, linaloueleza mfumo sehemu za programu, huduma hiyo inapewa sifa ya android:process yenye thamani ":kinasa", na nukta mbili zilizotangulia zinauambia mfumo kwamba mchakato huo ni wa ndani ya programu hii pekee. Athari zake, hata hivyo, zinafika mbali kuliko mstari wenyewe. Kila mchakato una eneo lake la memori, kwa hiyo kigeu tuli (thamani inayotumiwa kwa pamoja na sehemu zote za msimbo) kilichojazwa upande wa kinasa kinabaki kitupu upande wa grafu. Vilevile darasa la Application huanzishwa upya katika kila mchakato, na chochote kilichoandikwa ndani ya onCreate yake, yaani mbinu (kipande cha msimbo chenye jina) ya kuanzia, kinatekelezwa mara mbili, ikiwemo kuifungua hifadhidata. Sasa sehemu hiyo inaangalia kwanza jina la mchakato kabla ya kufungua chochote, na hifadhidata iko mikononi mwa kinasa peke yake. Grafu haigusi faili, inaomba.

Juni

Kuomba huko kunapitia Binder, njia kuu ya mawasiliano kati ya michakato katika Android. Asili yake ni kazi iliyoanzia kampuni ya Be, ikaendelezwa PalmSource kwa jina la OpenBinder, kisha Android ikaandika toleo lake. Draiva yake iliingia rasmi katika kerneli ya Linux (kiini cha mfumo wa uendeshaji), nje ya eneo la majaribio, kwenye toleo la 3.19 la mwaka 2015. Mteja anapoita mbinu ya huduma, vigezo hupangwa katika kifurushi kinachoitwa Parcel, kerneli hukinakili mara moja tu na kukiweka moja kwa moja katika eneo la memori ambalo mpokeaji amekwisha kulitenga, uzi mmoja wa mpokeaji (njia moja ya utekelezaji ndani ya mchakato) huamshwa, na uzi wa mwitaji hulala mpaka jibu lirudi. Kulala huko ndiko kunakoifanya mawasiliano hii ionekane kama wito wa kawaida wa ndani ya programu, na kwa maoni yangu ndiko pia kunakowafanya watu wengi wasahau kwamba wamevuka ukuta. Uzi mkuu wa grafu ukimwita kinasa naye akachelewa, kioo kinaganda. Mguso wa mtumiaji ukikaa sekunde 5 bila kushughulikiwa, mfumo unatangaza kwamba programu haijibu. Kwa hiyo miito yote ya grafu nimeihamishia kwenye uzi wa pembeni.

Nilikuwa na chaguo la kutumia Messenger, ambayo ni rahisi zaidi kwa kuwa hupanga ujumbe wote katika foleni moja na kuushughulikia mmoja baada ya mwingine. Nimechagua AIDL, lugha ya Android ya kuandikia violesura, ambamo kiolesura (orodha ya mbinu zinazoweza kuitwa) huandikwa katika faili dogo na zana za ujenzi huzalisha pande zote mbili za msimbo, kwa sababu nataka majibu yenye aina zinazojulikana na nataka grafu iweze kuuliza wakati mjumbe naye anauliza. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba miito kutoka nje huingia kwa kinasa kupitia kundi la nyuzi za Binder, ambalo kwa kawaida mfumo hulikuza hadi nyuzi 15, na hakuna dhamana kwamba miito miwili haitagongana. Kusoma nimekuacha huru. Kuandika kunafanywa na uzi mmoja tu wa kinasa, ambao hakuna mteja anayeufikia.

Sehemu iliyonichukulia muda mwingi ni ukubwa wa majibu. Usomaji mmoja una muda wa baiti 8, joto la baiti 4 na unyevu wa baiti 4. Ukiwekwa katika orodha ndani ya Parcel huongezewa baiti 4 za alama, jumla baiti 20. Usomaji wa kila dakika ni 1,440 kwa siku, yaani baiti 28,800. Bafa ya Binder ya kila mchakato, yaani eneo la memori linalopokea vifurushi, haifiki hata MB 1 kamili, na inatumiwa kwa pamoja na miamala (miito na majibu yake) yote inayoendelea katika mchakato huo. Ukigawa, unaona kwamba grafu ikiomba usomaji wote kwa wito mmoja, ombi litafanya kazi vizuri kwa zaidi ya mwezi na kisha litashindwa karibu na siku ya 36, wakati ambapo hakuna mtu aliyebadilisha mstari wowote wa msimbo.

Sikuona haja ya kungoja siku hizo zitimie. Niliijaza hifadhidata ya majaribio kwa usomaji wa kubuni wa msimu mzima, nikaiita mbinu hiyo, na kilichotokea kinafaa kuandikwa hapa. Nilitarajia TransactionTooLargeException (muamala mkubwa mno), kosa ambalo jina lake linajieleza. Upande wa grafu ulipokea DeadObjectException (kitu kilichokufa), ikiambatana na maelezo kwamba muamala umeshindwa kwa kifurushi kidogo na huenda mchakato wa pili umekufa. Kinasa kilikuwa hai. Amri ya adb shell ps -A, inayoorodhesha michakato ya simu, ilikionyesha kikiwa na namba yake ileile. Sababu ni kwamba mfumo huchagua aina ya kosa kwa kupima ukubwa wa ombi lililotoka kwa mteja, na si wa jibu lililogoma kuingia. Ombi langu lilikuwa na tarehe mbili tu, hivyo likahesabiwa kuwa dogo, na mfumo ukakisia kifo. Mtu akikutana na kosa hilo bila kujua jambo hili anaweza kuhangaika muda mrefu akitafuta nani ameiua huduma yake.

Suluhisho nililolichagua lina sehemu mbili. Grafu sasa haipati usomaji ghafi. Inapata muhtasari wa kila saa, wenye kiwango cha chini, cha juu na wastani, na haiombi zaidi ya mwezi mmoja kwa wito. Kioo chenye upana wa pikseli mia chache hakiwezi kuonyesha nukta 1,440 za kila siku ya msimu hata ukitaka. Kwa yule anayehitaji usomaji wote, kwa mfano kuupeleka kwenye kompyuta, kinasa kinarudisha ParcelFileDescriptor: kinachovuka Binder ni kishikio cha mfereji (njia ya kupitishia data kati ya michakato) tu, na data yenyewe inatiririka ndani ya mfereji huo nje ya bafa. Ningeweza kutumia SharedMemory, iliyopo tangu Android 8.1, lakini kwa data inayosomwa mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho mfereji unatosha.

Julai

Baridi ya Uporoto sasa imekolea na kinasa kiko kazini, kwa hiyo nimehamia kwenye vifo. Kumuua mmoja bila kumgusa mwenzake kunahitaji uangalifu, kwa kuwa amri ya am force-stop huondoa michakato yote ya programu. Kwa toleo la majaribio nimetumia run-as, inayoendesha amri kwa utambulisho wa programu, kisha kill, amri ya kuua, pamoja na namba ya mchakato ninaoulenga.

Kinasa kikiuawa grafu ikiwa wazi, onServiceDisconnected, mbinu ya grafu inayopokea taarifa kwamba huduma imekatika, inaitwa, wito wowote kwa kishikio cha zamani unatupa DeadObjectException, na kwa kuwa niliunganisha kwa BIND_AUTO_CREATE (chaguo la kuianzisha huduma ikiwa haipo) mfumo wenyewe unakianzisha kinasa upya na kuita onServiceConnected kwa kishikio kipya. Kwa upande wa pili, grafu ikiuawa, kinasa kinabaki na rejeleo la mpokeaji wa taarifa ambaye hayupo tena. Hapa RemoteCallbackList inafanya kazi nzuri: hujiandikisha kwa kila mpokeaji kupitia linkToDeath na kumwondoa mara kerneli inapotoa taarifa ya kifo chake. Mbinu ya kumtaarifu mpokeaji nimeiwekea neno oneway, ili kinasa kitupe taarifa na kuendelea na kazi bila kungoja grafu iliyoganda. Miamala ya namna hiyo hupewa nusu ya bafa tu, lakini taarifa moja kwa dakika haiwezi kuikaribia.

Kuna jambo ambalo Binder hailitatui. Wakati grafu iko mbele ya mtumiaji na imeunganishwa, kinasa hunufaika na umuhimu wake. Grafu ikifungwa, ulinzi huo unaondoka. Kinasa kinalazimika kujisimamia kama huduma ya mbele yenye arifa ya kudumu, na kwa programu zinazolenga Android 14 aina yake lazima itajwe, kwangu ikiwa connectedDevice kwa sababu ya kihisi.

Mjumbe amekuja na masharti yake, kwa kuwa yeye ni programu nyingine yenye namba yake ya mtumiaji katika mfumo. Tangu Android 5.0 huwezi kuunganisha huduma bila kutaja waziwazi programu unayoilenga, na tangu Android 11 programu haiioni nyingine mpaka iitaje katika kipengele cha queries. Upande wa kinasa, huduma inalindwa kwa ruhusa ya kiwango cha signature, ambayo mfumo huitoa tu kwa programu iliyosainiwa kwa ufunguo uleule. Kinachoniridhisha zaidi ni kwamba utambulisho wa mwitaji hauandikwi na mwitaji. Kerneli ndiyo inayoubandika kwenye kila muamala, kama mtendaji wa kijiji anavyogonga muhuri barua ya utambulisho, na getCallingUid inasoma muhuri huo. Namba ya mchakato siitegemei kwa usalama. Katika miito ya oneway inafika ikiwa 0.

Kwa kuwa mjumbe na kinasa vinasasishwa kwa nyakati tofauti, mpangilio wa mbinu katika faili la AIDL umekuwa sehemu ya makubaliano. Kilichomo ndani ya muamala ni namba ya mbinu, si jina lake, na namba hizo hutolewa kwa kufuata mpangilio wa faili. Mbinu mpya ikichomekwa katikati, mjumbe wa zamani anayedhani anauliza joto la sasa atakuwa anaita kitu kingine, na Parcel itasomwa kwa mpangilio usio wake bila lazima ya kutoa kosa lolote. Mbinu mpya zinaongezwa mwishoni tu, na ya kwanza kabisa katika faili sasa ni ile inayorudisha namba ya toleo la kiolesura, ambayo mjumbe huiita kabla ya nyingine zote.

Kilichobaki kwa mwezi ujao ni makosa yenyewe. Binder huvusha aina chache tu za makosa, zikiwemo SecurityException na IllegalStateException. Kosa la hifadhidata likitokea ndani ya kinasa haliko katika orodha hiyo, na mteja hapati maelezo yoyote ya maana. Nitaligeuza kuwa IllegalStateException yenye namba za makosa nilizozipanga mwenyewe ndani ya ujumbe wake, nikianza na hali ambayo kihisi kimenyamaza kwa kuishiwa betri, ili mjumbe aweze kumwandikia mjomba kwamba betri inahitaji kubadilishwa badala ya kumtumia joto la juzi.